Dakika Hamsini na Mbili Hadi Mwanza

Kanazi, Ngara
Tarehe 22 Oktoba 1995

Mpwa wangu Mwalimu Adelfina,

Marahaba, maana najua kabla hujaifungua barua hii ulishasema shikamoo mjomba. Huku hatujambo. Mama yako Josefina naye hajambo, isipokuwa ile nyonga aliyoumia kisimani bado inamkatalia. Kanisani anafika kwa baiskeli yangu, mimi nasukuma, yeye amekaa nyuma kama mke wa mkuu wa wilaya, anasalimia watu pande zote mbili. Migomba imezaa. Yule mbuzi mwenye doa amezaa mapacha na mmoja amefanana na katekista, lakini hilo nimekatazwa kulisema.

Barua yako nimeipata kwa Mwanaharusi wa Nyakanazi, mwenye hoteli pale njia panda, ambaye madereva wote humwachia barua za watu. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nimeisoma kwa sauti penye rubisi, mbele ya wanywaji wa pombe ya ndizi, ili wajue. Kumbe umepata mchumba. Benedikto, mtoto wa mzee Lukanya wa Sengerema, Msukuma, fundi wa injini za mitumbwi. Vizuri. Baba yako Matiasi, Mungu amrehemu, angekuwepo angecheza mpaka viatu viachane. Hayupo, basi nitacheza mimi ndugu wa mama yako, na mimi nacheza kuliko yeye.

Sasa sikiliza la maana. Wewe uliondoka hapa kabla ya wakimbizi. Ngara si ile uliyoiacha. Kambi yao ya Benaco usiku ni taa tupu, ungedhani Dar es Salaam imehama. Na ndege zinatua kila siku, na mjomba wako ndiye Mkuu wa Usalama wa Uwanja. Usicheke. Ndege haitui mpaka mimi nikubali. Nina vitambaa viwili kwenye fimbo, chekundu na cheupe. Ng'ombe wakiwa njiani, nainua chekundu, na rubani, mtu mzima mwenye ndevu na nyota begani, anazunguka huko juu akinisubiri. Njia ikiwa safi, nainua cheupe, naye anashuka au anaondoka. Hao ng'ombe ni wa wakimbizi, wa pembe ndefu, na wetu wamejifunza ukaidi kwao.

Marubani wote wananijua kwa jina. Kwa hiyo harusini sitakuja na basi kama mtu wa kawaida. Nitakuja kwa ndege. Nitanywa chai Ngara na kikombe cha pili nitanywa kwenu kabla cha kwanza hakijapoa tumboni.

Nitajie siku tu.

Mjomba wako,
Idefonsi


Mwanza
19 Novemba 1995

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama nampa shikamoo yake peke yake, naomba umsomee polepole, usiongeze maneno yako katikati. Mimi sijambo. Darasa langu la tano lina watoto themanini na sita na madawati ishirini. Barua yako imechukua wiki tatu na siku nne kunifikia, ina alama ya mafuta ya chapati, nikajua imepitia Nyakanazi kweli.

Siku imepangwa. Ni Jumamosi tarehe 17 Februari. Padri hawezi kusogeza mbele, maana Jumatano inayofuata ni Majivu, na ndani ya Kwaresima hafungishi ndoa. Tukikosa siku hiyo tutangoja mpaka baada ya Pasaka, na kuna watu wangependa sana tungoje.

Mjomba, kuna jambo moja ninaloomba, na naomba ulishike. Upande wa Benedikto wametoa sharti. Kabla hatujaingia kanisani, saa tatu asubuhi, wazee wao watakaa kwenye nyumba niliyopanga hapa Kirumba, na lazima mtu mzima wa kwetu asimame aseme mimi ni mtoto wa nani. Si barua, si salamu, mtu mwenyewe. Asiposimama mtu, hakuna ndoa. Mama nyonga yake haimruhusu. Baba hayupo. Umebaki wewe.

Kwa hiyo naomba uje kwa basi, uondoke Jumatano. Najua njia ni mbaya, magari yanangojana Nyakanazi ili yapite pamoja na askari. Ndiyo maana nasema Jumatano, isiwe Ijumaa.

Habari ya ndege imewafurahisha watoto wangu darasani. Tulipima kwenye ramani kwa rula, Ngara hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kilomita mia mbili na hamsini. Barabarani ni zaidi ya mia nne, maana barabara inazunguka na kuna kivuko cha Busisi. Ni somo zuri. Lakini mimi sitaki somo, nataka mjomba saa tatu asubuhi.

Mpwa wako,
Adelfina


Kanazi, Ngara
Tarehe 10 Desemba 1995

Mwalimu,

Marahaba, na mama yako anasema marahaba yake peke yake, nami sijaongeza neno, isipokuwa anasema umekonda, na hilo kalisema bila kukuona. Mvua imetupiga sana. Daraja dogo la chini limekwenda na maji na ndizi za Anjelika mke wangu zimekwenda nalo. Watu wazima hawajambo.

Nimeshangaa. Mtu amesoma chuo cha ualimu halafu anapima njia ya ndege kwa rula. Rula inajua nini? Mimi nimeipima kwa miguu. Sikiliza kazi inavyokwenda. Anatoli, kijana wa Rulenge anayekaa na redio, anapata sauti kutoka Mwanza, "imeondoka." Anapiga rimu ya gari kwa nyundo, ngaa, mimi nanyanyuka. Naanza kuuzunguka uwanja na fimbo nikisukuma ng'ombe nje. Uwanja una hatua elfu moja na mia nane kwa urefu. Mzunguko wa kwanza nafukuza, wa pili nahakikisha hawajarudi, na nikiwa natafuta mahali pa kujisaidia, naisikia juu ya kilima. Anatoli ana saa ya mkononi ya kweli. Kila mara ni dakika hamsini na mbili. Ikibeba mzigo mzito hamsini na tano. Hiyo ndiyo rula.

Na hiyo ni kuja huku. Kwenda huko ni pungufu zaidi, kwa sababu Ngara ni milimani na Mwanza iko chini ziwani, kwa hiyo ni mteremko mtupu. Rubani akitaka anaweza kuzima injini kuanzia Biharamulo akajiachia kama mtu wa baiskeli. Nilimweleza hivyo rubani mwenyewe. Alinitazama muda mrefu, nikaona amejifunza kitu.

Wananiheshimu, Adelfina. Mwezi uliopita ng'ombe alizalia katikati ya njia ya ndege. Nikainua chekundu. Ndege ikazunguka mara saba, mara saba nakwambia, abiria wanatapika, mpaka ndama akasimama kwa miguu yake. Yule ndama tumemwita Rubani. Penye rubisi hawaniamini, lakini ndama wanamwona.

Kwa hiyo basi nimelikataa. Majambazi wapo, mashimo yapo, halafu nifike na vumbi puani niwasimamie watoto wa watu? Ndege ndogo ya mashirika inaondoka hapa kila Alhamisi saa nne asubuhi kwenda Mwanza kuchukua dawa, na inakwenda karibu tupu. Tarehe 15 Februari ni Alhamisi. Saa nne na dakika hamsini na mbili nitakuwa Mwanza. Nitakuwa nimewahi siku mbili nzima, utachoka kunilisha.

Sharti la wazee sijalielewa vizuri. Nani asiyejua wewe ni mtoto wa nani?

Mjomba wako,
Idefonsi


Mwanza
14 Januari 1996

Mjomba,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako, kwa mama na kwa shangazi Anjelika, pole yake na ndizi. Nimemtumia mama kitenge kwa dereva aliyebeba barua hii. Tafadhali kimfikie mama, kisipite mabegani mwa mtu mwingine kwanza.

Umeniuliza, nitakujibu, ingawa sikutaka kuliandika kwa sababu utamsomea mama. Hapa usimsomee.

Mjomba, wanasema mimi ni mkimbizi. Mtu wa upande wao, sitamtaja, aliliona jina langu kwenye tangazo la ndoa mlangoni mwa kanisa. Adelfina Hategekimana. Akasema hilo jina ni la Benaco, huyu msichana ametoka kambini juzi, amejifanya mwalimu, hana kwao, na siku akitoroka mtamtafutia wapi. Nimewaonyesha cheti cha ubatizo cha Kanazi, cha mwaka 1970. Wakasema vyeti vinanunuliwa. Nimewaambia baba alivuka mto Ruvubu akiwa kijana mdogo, kabla sijazaliwa, kabla ya haya yote, na mama ni Mhangaza wa hapohapo. Mzee Lukanya alisema tu, "Basi aje mtu wa kwao, tumwone."

Benedikto anasema yeye atanioa hata barabarani. Lakini mimi sitaki kuolewa barabarani. Nataka mtu asimame.

Ndiyo maana nakusihi kuhusu basi. Mjomba, wewe nakujua. Nimekua nikisikia habari zako, nilizipenda, mpaka leo huwa nawasimulia wanafunzi. Ila ndege si mteremko. Na ndege za mashirika huchukua wafanyakazi wao. Umeahidiwa kweli kiti, au umeahidiwa kama ulivyoahidiwa lile trekta ambalo halikuja? Nijibu hilo tu. Usinijibu kwa ndama.

Adelfina


Kanazi, Ngara
Tarehe 4 Februari 1996

Mpwa wangu,

Barua yako imenikuta uwanjani. Niliisoma nimesimama, na kwa mara ya kwanza ng'ombe walipita nikiwatazama tu. Anatoli akaja kuniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna, kuna wajinga.

Mama yako sikumsomea. Kitenge amekipata, kimepita begani kwa Anjelika dakika moja tu.

Kiti nimeahidiwa. Si kama trekta. Nilikwenda kwa mkubwa wa uwanja, nikavua kofia, nikamweleza, na sikuongeza kitu. Akaandika jina langu kwenye karatasi na kupiga muhuri. Karatasi ninayo hapa, nimeifunga ndani ya nailoni. Koti nimeazima kwa Hasani wa duka la nguo, ni la rangi ya chai ya maziwa, mikono imepungua kidogo lakini nikikunja viwiko haionekani.

Nitasimama. Dakika hamsini na mbili.

Idefonsi


Kanazi, Ngara
Tarehe 3 Machi 1996

Bibi Lukanya,

Marahaba. Hivyo ndivyo utakavyoitwa sasa, nataka kuwa wa kwanza kuliandika. Nyumbani tumefika salama, mimi na koti. Mama yako alinikalisha akanihoji kama polisi: gauni lilikuwaje, ulilia wapi, nani alishika ua, mchele ulikuwa wa wapi. Hakulala, na mimi akaninyima usingizi. Penye rubisi nimesimulia siku nne mfululizo na bado wanakuja watu wa Murgwanza kusikia.

Siku ya harusi hatukupata nafasi ya kuzungumza, na Jumapili niliondoka mapema kuwahi gari. Kwa hiyo sasa nikueleze ilivyokuwa safari yangu ya angani, uwaeleze watoto wa darasa la tano wafute ile rula.

Tulipaa Alhamisi saa nne kamili. Nilikaa mbele pamoja na rubani. Alinipa nishike usukani kuanzia Nyamigogo. Juu kuna baridi, na tulipofika angani pa Nyakanazi nilimwona Mwanaharusi waziwazi, anageuza chapati, amefunga kanga ya kijani, anamgombeza tingo wa lori. Nilimpungia. Hewa kati ya Nyakanazi na Runzewe ina mashimo sana, nakwambia, tulirushwa mpaka kichwa kikagonga chuma. Geita nikaona watu wanauza mihogo ya kuchemsha, mihogo mizuri, haina nyuzi. Halafu ziwa. Pale Busisi ikabidi tusimame kidogo kusubiri, si unajua mambo ya usafiri. Dakika hamsini na mbili, hamsini na tatu hivi.

Lile vumbi jekundu mliloliona kwenye suruali ni la uwanja wa ndege. Ndege ikishuka inatimua vumbi sana.

Najua utauliza kwa nini nilitua Alhamisi nikafika kwako Jumamosi saa tatu kasoro dakika tano. Nilikuwa na mazungumzo na marubani. Hawakutaka kuniachia.

Mjomba wako, aliyeruka,
Idefonsi


Mwanza
14 Aprili 1996

Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Pasaka tulikwenda Sengerema kwa wakwe. Mama mwambie napika vizuri, sijakonda, Benedikto ndiye amenenepa. Kuna habari nyingine ya mwezi wa kumi na moja, lakini hiyo nitamwandikia mama mwenyewe, na umsomee ukiwa umekaa.

Mjomba, sina budi kukuambia jambo. Jumatatu ya Pasaka baba mkwe aliniita nje, tukakaa wawili. Akasema, "Mwalimu, mimi mjomba wako nilionana naye kabla yako."

Unakumbuka Jumamosi ile alfajiri, kivuko cha kwanza cha Busisi? Mzee Lukanya alikuwamo, yeye na wazee wake, wamejaa kwenye pikapu ya kukodi wakivuka kuja kwetu. Anasema aliona mtu wa makamo amekunja suruali, anaosha miguu ukingoni, koti amelitundika shingoni lisiguse maji. Na huyo mtu alikuwa anasema peke yake, anarudia, "Saa nne na dakika hamsini na mbili, saa nne na dakika hamsini na mbili." Mzee akamsogelea akamwuliza, "Baba, watoka wapi?" Akajibiwa, "Ngara. Leo siku ya tatu njiani. Nimepanda malori manne, moja la mahindi, moja la mbao, moja sijui la nini maana lilikuwa limefungwa turubai, na lililonileta hapa. Jana jioni kivuko kimenifungia hapahapa." Mzee akauliza waenda wapi na haraka hiyo. Huyo mtu akasema, "Kuna wazee wanataka kuona kama mtoto wa dada yangu ana watu. Naenda waone."

Baba mkwe anasema alirudi kwenye pikapu akakaa. Hata kukupa nafasi alishindwa, anasema aliona haya kukutazama, na wewe ulipofika ng'ambo ulirukia lori la samaki ukawatangulia.

Halafu, mjomba, ukasimama sebuleni kwangu, mbele ya wazee tisa, ukaanza na ndege. Nilitamani ardhi inimeze. Ulisema usukani, ulisema Nyamigogo. Nilimtazama mzee Lukanya, nikaona ameinamisha uso, nikadhani amekasirika. Kumbe.

Akakuuliza, "Huyu binti ni wa nani?" Na wewe ukaiacha ndege, jambo ambalo sijawahi kukuona ukilifanya. Ukasema, "Ni wa Josefina dada yangu na Matiasi Hategekimana. Matiasi alikuja kwetu na panga moja na blanketi. Alilima kwa baba yangu miaka miwili, akapewa shamba, akapewa dada yangu. Alikufa kwa kifua mwaka 1988. Kaburi lake nimelichimba mimi na liko nyuma ya nyumba yangu, hatua arobaini. Huyu alizaliwa mvua inanyesha, na mimi ndiye niliyekwenda kumwita mkunga. Kama ni mkimbizi, basi amekimbia kutoka chumbani kwenda jikoni." Wazee wakacheka. Mzee Lukanya akasimama akasema, "Twendeni kanisani, jua linapanda." Hakuuliza swali la pili.

Nilimwuliza baba mkwe kwa nini hakusema pale kwamba ndege ni uongo. Akasema, "Mtu aliyelala ukingoni mwa ziwa ili afike, mimi nimwaibishe kwa ajili ya ndege?"

Mjomba, ilikuwaje? Niambie mimi. Penye rubisi waambie unavyotaka.

Kuna jambo jingine. Mzee anasema walikosea wao kumwita mtu aje. Mwezi wa sita akishavuna anataka kuja Kanazi mwenyewe na wazee wawili, wamsalimie mama, na waonyeshwe kaburi la baba. Anauliza njia.

Mpwa wako,
Adelfina


Kanazi, Ngara
Tarehe 5 Mei 1996

Mwanangu Adelfina,

Marahaba. Mama yako nilimsomea habari ya mwezi wa kumi na moja akiwa amekaa, akasimama. Bila fimbo. Akatembea mpaka mlangoni, ndipo akakumbuka nyonga.

Kuhusu yule mzee wa kivukoni. Nilimtambua. Nikueleze ukweli, nilimtambua nikiwa katikati ya maneno, nimeshafika Nyamigogo na usukani uko mkononi. Nikamwona pale kwenye kochi, kofia ileile. Sasa mtu utafanya nini? Ndege ikiwa juu hairudi nyuma. Nikaendelea, jasho linanitoka chini ya koti la Hasani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimngojea aseme. Ile barua yangu ya Machi niliandika nikijua huenda ameshakuambia, na bado nikaandika. Sijui kwa nini. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Ilikuwa hivi. Alhamisi saa tatu na nusu nilikuwa uwanjani, koti mwilini, karatasi yenye muhuri mkononi. Kiti nilipewa kweli, hilo usilitilie shaka, namba tatu, dirishani. Nilifunga mkanda. Anatoli alikuja kunipungia. Injini ikawaka, na Adelfina, mimi nilikuwa ndani ya ndege. Nilikaa ndani ya ndege inayonguruma kwa dakika sita. Hizo ni zangu, hakuna wa kuninyang'anya.

Mara ikasimama. Rubani akageuka akanitazama, akaonyesha mbele. Ng'ombe. Kundi zima, arobaini au zaidi, wamelala ncha ya uwanja kama wako nyumbani. Rubani akauliza nani anawafukuza. Watu wote nje wakatazama kwenye dirisha langu.

Miezi yote nilikuwa nimewaambia wakubwa kwamba kazi ile hakuna mwingine anayeiweza. Walitaka kuniletea msaidizi Novemba, nikamkataa, nikasema ng'ombe wale wananisikia mimi tu. Basi walinisadiki. Hapakuwa na mtu mwingine.

Nikafungua mkanda. Nikashuka. Nilikimbia hatua elfu moja na mia nane na koti la watu, fimbo nimeichukua kwa Anatoli. Walikuwa wakaidi, yule Rubani ndama ndiye anawaongoza, amekua vibaya. Nikawatoa mmoja mmoja mpaka njia ikawa nyeupe. Nilifurahi. Nikageuka nikaiona ndege kule mbali, ndogo, inangoja. Na mimi nikafanya ninachofanya kila siku tangu mwaka juzi. Nikainua kitambaa cheupe.

Nilipokumbuka kwamba mimi ndiye abiria, ilikuwa imeshaanza kukimbia. Ilipita juu yangu chini sana, nikakiona kiti changu dirishani, hakuna mtu. Kwa rubani cheupe ni cheupe, na mawingu yalikuwa yanakuja. Simlaumu. Ndiyo kanuni niliyomfundisha mwenyewe.

Sikukaa hata kidogo. Nilivuka uwanja, nikakatiza mashambani mpaka barabarani, nikasimamisha lori la kwanza lililotoka kushusha mahindi Benaco. Nyakanazi nililala kwenye benchi kwa Mwanaharusi, akanipa chapati na akanitafutia lori la mbao lililokuwa kwenye msafara wa askari. Hayo ya Runzewe na Geita nilikuandikia, toa tu neno hewa, weka neno barabara. Kuanzia Alhamisi saa nne mpaka mlangoni kwako ni saa arobaini na saba kasoro dakika tano. Nilikuwa nahesabu.

Njia nzima niliogopa kitu kimoja. Sikuogopa majambazi. Niliogopa nifike watu wameshatawanyika, wewe uko mlangoni peke yako na gauni.

Nilisema ndege kwa sababu wewe uliwaambia watoto wa shule kwamba mjomba wako anakuja kwa ndege. Na wale wazee, nilitaka waone tuna mtu wa kuruka, si wa kuombaomba malori. Basi. Penye rubisi bado niliruka, na nitaendelea kuruka, usiniharibie.

Sasa mkwe wangu Lukanya. Mwambie aje. Mwambie akivuka Busisi asitafute gari la haraka, atafute dereva mzee. Alale Nyakanazi kwa Mwanaharusi, aseme ametumwa na Idefonsi, atapewa kitanda, si benchi. Asubuhi asiondoke mpaka askari waondoke. Akifika Kanazi aulize mtu yeyote nyumba ya Josefina, mtoto wa miaka minne atamwonyesha. Mwambie ni siku mbili, na ya tatu kidogo. Sitapunguza.

Mama yako hajangoja mwezi wa sita. Tangu jana amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mimi na Anjelika tumeshika majembe, yeye anaelekeza kwa fimbo. Tunalima njia kutoka uani mpaka kwenye kaburi la Matiasi. Nilitaka kuiacha kama ilivyokuwa, upana wa mtu mmoja. Amekataa. Anasema wageni ni watatu, na mwezi wa kumi na moja tutakuwa na wa nne, wa kubebwa mgongoni, ipanuliwe.

Mjomba wako,
Idefonsi